Dawa ya Mwanangu

Mama yangu aliomba kitu kimoja tu katika ugonjwa wake wote. Alikisema kwa Kiswahili cha polepole, kile anachokitumia akitaka mtu asipate kisingizio cha kusema hakuelewa, maana akikasirika au akifurahi sana hurudi kwenye Kigorowa, lugha ya kwao. Alisema hataki kubebwa kwenda chooni. Kutetemeka angevumilia, kulishwa uji kwa kijiko angevumilia, hata kudondosha mate mbele ya wanajumuiya angevumilia. Ila chooni aende kwa miguu yake.

Choo chetu kiko nyuma ya nyumba, hatua kama thelathini kutoka mlango wa jikoni. Dada yangu alifunga kamba ya katani kutoka kwenye fremu ya mlango hadi kwenye nguzo ya choo. Mama alikuwa anaishika na kwenda nayo, mkono mmoja ukitangulia mwingine, na ole wake mtu amfuate. Akirudi, anakaa kwenye kigoda chake cha jikoni na kutuangalia mimi na dada kana kwamba ametoka kutushinda katika kesi.

Hizo hatua thelathini nilimnyang'anya mimi. Nalisema mapema ili msomaji asije akaanza kunihurumia njiani.

Kazi yangu ni kubuni dawa. Siuzi, wala sitibu. Seli za mwili zina sehemu ndogo sana juu yake zinazopokea ujumbe, na kwa Kiswahili cha vitabu tunaziita vipokezi. Ninachofanya ni kuchora molekuli mpya kwenye kompyuta, naigeuza, nakata hapa, naongeza pale, mpaka ikae sawasawa kwenye kipokezi ninachokilenga. Kisha wenzangu walioko kwenye maabara, nchi ya mbali, wanaipika. Kupika ndilo neno letu, na mimi mwenyewe nilipika kwa miaka mingi kabla ya kupandishwa cheo na kukaa mbele ya kioo cha kompyuta. Unachanganya, unachemsha, unachuja, unaanza upya, na baada ya wiki kadhaa unapata unga mweupe usiojaa hata ukucha wa kidole gumba. Mara nyingi unga huo haufai kitu.

Mama alipozidiwa niliomba kazini nifanyie kazi nyumbani, Babati, na wakakubali, kwa sababu kuchora hakuhitaji maabara. Nilifika na kompyuta mbili na masanduku ya vitabu, nikachukua chumba cha mbele kilichokuwa cha marehemu baba. Dada yangu alikuwa na mgahawa wake karibu na stendi, akaufunga ili amuuguze mama. Mimi sikufunga kitu. Niliamini kuwapo kwangu chini ya bati lile lile ni msaada wa kutosha.

Mtaani nilikuwa "yule mtengeneza dawa". Nisiseme uongo, nilipenda. Tatizo ni kwamba neno dawa kwetu ni pana mno. Ya panya ni dawa, ya viatu ni dawa, ya kuogeshea ng'ombe ni dawa, na ya kumrudisha mume nayo ni dawa. Mama alipowaambia wenzake wa jumuiya ya kanisani kwamba mwanawe anatengeneza dawa, kila mmoja alijichagulia ya kwake. Bibi mmoja alikuja kutoka Singe na kanda la mbaazi mbichi, akaniomba dawa ya magoti. Nilimwambia dawa ninayotengeneza ni ya ugonjwa mmoja tu ulioko kwenye orodha yetu, na magoti hayamo. Bibi akacheka akidhani ni utani. Mbaazi akaziacha, nasi tukazila.

Ugonjwa wa mama ni ule wa kutetemeka na kukakamaa. Seli fulani za ubongo zinakufa, na hizo ndizo zinazotoa kemikali inayomwezesha mtu kutembea, kushika, kutabasamu na kumeza. Kemikali ikipungua, vipokezi vyake vinakaa wazi vikisubiri kitu kisichokuja. Hospitali ya rufaa walimwandikia vidonge vya kuurudishia ubongo kemikali hiyo, na vilimsaidia sana. Ni kwa vidonge hivyo aliweza kuishika ile kamba.

Na kazi yangu ya miaka sita, naomba hapa msomaji asinipite, ilikuwa juu ya kipokezi hicho hicho. Wagonjwa wa aina ya mama wanasumbuliwa na kichefuchefu kwa sababu ya vidonge vyao. Dawa za kawaida za kichefuchefu zinafanya kazi kwa kuziba vipokezi vya kemikali ile ile. Zikiviziba vile vinavyomtapisha mtu, vilivyo nje ya ukuta unaoukinga ubongo, ni heri. Lakini nyingine zinaupenya ukuta, zinaingia ndani, zinaviziba na vile vya kutembelea. Mgonjwa anaacha kutapika na anakuwa gogo. Sisi tulikuwa tunatafuta molekuli ya kuziba vya nje na kushindwa kabisa kuingia ndani.

Siku moja mchana, tukiwa jikoni, mama aliniuliza hicho kipokezi ni nini hasa. Nilikuwa nasubiri umeme urudi, kwa hiyo nilikuwa na muda wake.

"Mgeni akifika na mzigo, mama, unafanyaje?"

"Namwambia nikupokee."

"Ndiyo. Seli nayo ina mahali pake pa kupokea mzigo. Sasa dawa yangu inakuja bila mzigo wowote. Inasimama pale pale mlangoni, basi. Wenye mizigo wakija hawapati pa kupita."

Mama akafikiri. Mkono wake wa kulia ulikuwa unachezacheza juu ya paja, akaubana kwa wa kushoto.

"Kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo ili utengeneze mgeni mbaya," akasema.

Nilicheka sana. Wiki iliyofuata nikalisema neno hilo kwenye mkutano wa kazini, wenzangu nao wakacheka, na mmoja akaliandika kwenye ubao. Sikumwambia mama kwamba nimempeleka mkutanoni. Yeye alikuwa amekwisha kulichukua jambo hilo kwa namna yake, na kuanzia hapo akawa anamwuliza dada kila asubuhi kama dawa yangu imeiva.

Kisha hospitali wakamwongezea dozi, naye akaanza kutapika.

Ilikuwa asubuhi, saa nne na kitu. Nilikuwa chumbani kwangu, mlango umefungwa, niko kwenye mkutano kwa kompyuta. Tulikuwa tunabishana juu ya molekuli yetu ya thelathini na moja, iwapo inaupenya ukuta wa ubongo au haiupenyi. Nilikuwa nimepandisha hasira, maana mwenzangu mmoja alidai kipimo changu ni cha kubahatisha. Dada akagonga.

"Mama anatapika tangu jana," akasema nje ya mlango. "Hata chai haikai tumboni. Nimpe nini?"

Nilizima kipaza sauti. Sikuinuka.

"Mnunulie dawa ya kichefuchefu," nikasema.

"Ipi?"

"Ya kichefuchefu, dada! Nenda duka la dawa, waambie hivyo hivyo, watakupa."

Nikawasha kipaza sauti, nikaendelea kueleza kwa nini ni muhimu mno, kwa maisha ya wagonjwa hawa, dawa ya kichefuchefu isiingie kwenye ubongo.

Dada alikwenda. Duka la dawa wakampa ile ya kawaida wanayompa kila mtu, awe mjamzito, mwenye malaria au aliyekula kiporo. Jina lake silitaji, sina ugomvi nayo. Ni dawa nzuri kwa watu wengi. Akarudi nayo kwenye bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa jina la dawa na moja mara tatu, akamwambia mama, "Meza, ni dawa ya mwanao. Kasema mwenyewe."

Dawa ya mwanao. Dada alimaanisha niliyoielekeza. Mama alisikia niliyoitengeneza.

Kutapika kuliisha siku ya pili, dada akaja kunishukuru. Nikapokea shukrani.

Wiki ya pili mama alianza kukokota miguu. Ya tatu uso wake ukawa hausogei, akawa anatuangalia bila kupepesa, na sauti ikapungua hadi ikabidi umwinamie. Dada aliniita nije nimwangalie. Nilimwangalia kwa macho ya mtu anayejua, nikasema ugonjwa unasonga, ndivyo ulivyo, tujiandae. Dada aliuliza kama hakuna la kufanya. Nikamweleza juu ya seli zinazokufa, kwa kirefu, mpaka akaondoka kwenda kuangalia maharage.

Nililofanya baadaye ndilo linalonikera hadi leo. Nilikata shauri kwamba mama anajilegeza. Nilikuwa nimesoma kwamba mazoezi yanasaidia, basi kila jioni kabla jua halijazama nilikuwa namtoa uani, namsimamisha kwenye kamba na kumwamrisha. Inua mguu, mama. Si huo, huu. Unaburuza, umeinua nini hapo? Wewe siyo gunia, inua! Mama anasimama, miguu imegandamana na ardhi, kifua kimetangulia mbele na jasho linamtoka. Jirani yetu, mjane mmoja mwenye duka la mkaa, alikuwa anatuona juu ya ua, akaniambia siku moja kwa upole, "Binti, mwache mama yako apumzike." Nikamjibu kwamba akitaka kufundisha tiba aende akasome. Niliwahi hata kumpiga mama picha ya video akihangaika kugeuka mlangoni, nikawatumia wenzangu kazini waone ugonjwa unavyomaliza mtu. Walinijibu kwa maneno mazuri ya pole.

Na bado alikuwa anakwenda chooni mwenyewe. Ilimchukua karibu nusu saa kwenda na kurudi, na mara mbili alichelewa njiani na kujichafua, akaosha kanga yake mwenyewe kwenye beseni bila kumwita mtu. Tulijifanya hatukuona.

Siku moja dada alikwenda msibani Bonga. Akaniachia mama, akaniambia dawa ziko kwenye kopo juu ya kabati, saa nne ni hizi na hizi. Nilikuwa nimekaa nyumba ile karibu miezi mitatu na sikuwa nimewahi kumpa mama dawa kwa mkono wangu. Nikafungua kopo. Vidonge vya hospitali vilikuwapo, na chini yake bahasha ya kaki.

Nilisoma jina mara moja, nikakaa chini.

Molekuli hiyo naijua kuliko ninavyomjua dada yangu. Naweza kuichora nikiwa nimefumba macho. Kila nikitoa mada kazini, picha ya kwanza ninayoonyesha ni yenyewe, imepigwa mstari mwekundu, kama mfano wa kitu ambacho mgonjwa wa aina hii hapaswi kupewa. Ilikuwa kwenye kopo la mama yangu na alikuwa anaimeza mara tatu kwa siku, kwa agizo langu.

Ningeweza kusema hapo hapo. Mama alikuwa ameketi mbele yangu, mdomo uko wazi kidogo, anasubiri nimwekee kidonge kwenye ulimi. Badala yake nikasema, "Hizi tunaacha."

"Kwa nini?" Nilimwinamia ndipo nikasikia.

"Hazifai tena."

"Imeshindwa?"

"Eh, mama. Imeshindwa."

Akafumba macho. Nilidhani amechoka. Nikavibeba vidonge vyote hadi chooni, nikavimwaga shimoni, na bahasha nikaitupa mezani bila kufikiri. Dada aliporudi nikamwambia nimebadilisha tiba kidogo. Akasema, "Afadhali na wewe umemshika mkono." Alisema kwa moyo mweupe, na mimi nikaitikia.

Nilijipa sababu. Nilisema nikimwambia dada atajilaumu yeye, maana ndiye aliyenunua na kumpa. Nilisema nikimwambia mama atapata mshtuko. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na aibu yangu niliiona kuwa kubwa kuliko mambo yao.

Basi nikangoja, na mwili wa mama ukaanza kunisamehe bila kuulizwa. Baada ya wiki mbili uso ulirudi. Ya tatu sauti ikarudi, akamgombeza dada kwa kuunguza mboga, nasi tukafurahi kugombezwa. Asubuhi moja nilimwona dirishani akienda na kamba yake, mkono mmoja ukitangulia mwingine, akaingia chooni, akatoka, akarudi, na akasimama katikati ya njia kuangalia mlima Kwaraa kama mtu asiye na haraka. Nilijipongeza. Naam, nilijipongeza, kana kwamba nimemponya.

Wiki hiyo hiyo wakaifuta molekuli yangu. Ya thelathini na moja, ile niliyoipigania. Haikuingia kwenye ubongo, hapo nilikuwa sahihi, lakini ilipojaribiwa kwenye seli za moyo ilivuruga mapigo. Ndivyo zinavyokufa nyingi. Wakubwa wakasema mradi mzima usimame mpaka watakapotafakari, na sisi tuliokuwa ndani yake tutapangiwa mambo mengine au hatutapangiwa.

Nilitoka chumbani, nikakuta wanakula ugali na sato. Nikasukuma sahani yangu.

"Wameifuta," nikamwambia dada. "Dawa yangu. Miaka sita, wameifuta."

"Kwa nini?"

"Haijafanya kazi kwa wagonjwa. Basi. Labda na kazi yenyewe itaisha."

Nilisema kwa wagonjwa kwa sababu nilikuwa na hasira na sikutaka kumweleza mtu wa mgahawa mambo ya seli za moyo. Haikuwa imemfikia mgonjwa hata mmoja. Mama alikuwa pale kwenye kigoda, na tonge la ugali mkononi. Aliniangalia muda mrefu. Mimi nikaingia chumbani na kununa siku nne.

Baada ya hapo mama akaanza tena kukakamaa. Kwanza nilikataa kuona. Wiki mbili zikapita, uso ukaganda kama awali, sauti ikazama, na njia ya chooni ikarefuka. Sikuwa na maelezo, na mimi nikikosa maelezo hutafuta mtu. Nikamfuata dada jikoni.

"Unampa nini mama?"

"Nampa ulivyosema."

"Usinidanganye. Umemnunulia kitu."

"Sijanunua kitu."

"Ungekuwa umesoma hata kidogo," nikamwambia, "ungejua kwamba ukimpa mgonjwa kila takataka ya dukani unamwua."

Dada aliweka mwiko chini. Ni mtu mkubwa, mpole, hajawahi kunipiga hata tulipokuwa wadogo.

"Mimi nilifunga mgahawa wangu," akasema. "Wewe ulifunga mlango. Usiniambie habari ya kusoma."

Akaendelea kusonga ugali. Hatukusemeshana kwa wiki nzima, na katika wiki hiyo mama alianguka.

Ilikuwa asubuhi ya mvua. Tulimkuta katikati ya njia amelala ubavu kwenye tope, mkono mmoja bado umeshika kamba. Hakuwa amevunjika. Miguu ilikuwa mizima kabisa, ila haikumtii, na sauti ya kuita hakuwa nayo. Sijui alilala pale muda gani. Dada alimwinua, tukamwingiza ndani, tukamvua nguo zilizolowa ili kumfuta tope. Katika kumfungua kanga, dada akakuta fundo kwenye pindo, kama kina mama wanavyofunga vitu vyao vidogo. Akalifungua kwa meno.

Vilikuwa vidonge sita. Dada akavimimina kwenye kiganja changu.

"Hivi si ulisema tumeacha?" akaniuliza, akatoka kwenda kuchemsha maji.

Nilibaki na mama. Amelala kitandani, ananiangalia kwa ule uso usiosema kitu, ila macho yalikuwa ya kwake.

"Mama, hivi umevitoa wapi?"

Alisema kidogo kidogo, na mimi nikiwa nimeinama sikio kwenye mdomo wake. Alimpa jirani wa duka la mkaa ile bahasha ya kaki niliyoitupa mezani, akamwomba aende nayo duka la dawa wampe zilizoandikwa. Jirani akaenda. Nani angemkatalia mgonjwa dawa iliyoandikwa jina? Akawa anamletea, na asubuhi dada akiwa sokoni anakuja kumwekea mdomoni.

"Kwa nini, mama? Nilikwambia hazifai."

"Wameifuta," akasema.

Sikuelewa. Akapumzika, akajaribu tena.

"Ulisema haijafanya kazi kwa wagonjwa. Mgonjwa ni mimi. Nikasema labda nilimeza vibaya. Labda nilipaswa kuvumilia kidogo. Nikipona utawaonyesha."

Jirani yule yule alikuwa nje anaita hodi, nikasikia dada akimjibu. Nikakaa kitandani. Nilikuwa na vidonge sita mkononi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na neno la kitaalamu la kujifichia.

Nikamwambia. Nilimwambia si dawa yangu, haijawahi kuwa yangu, wala yangu haijawahi kufika Babati. Nikamwambia kwamba hii ndiyo iliyomkakamaza tangu mwanzo, na kwamba katika watu wote wa mji huu mimi ndiye niliyekuwa najua, na ndiye niliyesema anunuliwe, nikiwa nimekaa, bila kufungua mlango. Nikamwambia kwamba siku ile dada alipokwenda msibani Bonga niliigundua na sikusema.

Maji yalikuwa yanachemka jikoni, kifuniko kinagonga.

"Siku zile za kamba," mama akasema mwishoni. "Ukiniita gunia."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa hujui?"

"Sikuwa najua. Sikuwa nimeuliza."

Alifumba macho. Nikaanza kulia na kumwomba msamaha, nikasema kwamba tukiacha kabisa sasa mwili utarudi, kama ulivyorudi mara ile, na wiki ya tatu atakwenda mwenyewe tena. Niliyasema hayo kwa uhakika mkubwa. Hayakuwa kweli. Mikono ilirudi baadaye, na sauti pia, lakini miguu ilikuwa imelala muda mrefu mno na ugonjwa wenyewe haukuwa umetungoja. Hakusimama tena.

Pale kitandani hatukuwa tunalijua hilo. Alifumbua macho, akasogeza midomo, nikainama.

"Nataka kwenda chooni."

Nikainuka haraka. Nikapitisha mkono mmoja chini ya mgongo wake na mwingine chini ya magoti. Alikuwa mwepesi, nilishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Ndipo akaukaza mwili wote, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, na akasema kwa Kigorowa neno moja la kukataa, lile tunalowakemea nalo watoto wakishika moto. Kisha akaongeza kwa Kiswahili, polepole, nisipate pa kusingizia.

"Mwite dada yako."

Nikaenda kumwita. Dada akafuta mikono kwenye kanga, akaingia, akambeba, na mama akauficha uso wake shingoni mwa dada. Nilitangulia nje kwenye mvua ili niwafungulie mlango wa choo. Dada aliponifikia akasimama, tope hadi kwenye vifundo vya miguu, mama mikononi.

"Nipishe," akaniambia.

Nikampisha.